Solo ya Nani, Kama Bendi Nzima Imepiga?

Chumba chetu cha mazoezi kiko Kamalondo, nyuma ya duka la vipuri vya magari, na dirisha lake la pekee tumeliziba kwa godoro ili majirani wapate usingizi. Usiku mmoja wa mwezi wa saba, baridi ya Lubumbashi imekaza hadi nyuzi za besi zinauma vidole, mwimbaji wetu aliweka gitaa chini akatuambia ana nyimbo tisa anazotaka kuzitoa kwa jina lake mwenyewe. Si kwa jina la bendi. Tukanyamaza. Kisha akaongeza kwamba angependa sisi wanne ndio tumpigie. Mpiga batri wetu, yaani ngoma, mtu asiyependa maneno mengi, akamuuliza kwa Kiswahili cha kwetu: "Sasa, yaya, hiyo album ni ya nani?" Akajibiwa: "Ni yangu miye, lakini ni ya shiye bote."

Usiku ule jibu lilituridhisha. Tulipiga ule wimbo wa kwanza mara tatu, tukafunga mlango, tukaenda kulala. Asubuhi yake ndipo nilipoanza kulitafuna. Kitu kinawezaje kuwa cha mtu mmoja na papo hapo kikawa cha watu watano? Kama ni chake, sisi ni nani mle ndani: marafiki, vibarua, au wageni? Kama ni chetu, kwa nini kavani liandikwe jina moja? Swali hili si letu peke yetu. Bendi ikiishi muda wa kutosha hulifikia, na zimo kubwa kubwa, za Kongo na za ng'ambo, zilizovunjikia hapo hapo. Kwa hiyo nimejaribu kulifumua uzi kwa uzi.

Nianze na neno lenyewe, maana huku kwetu limeshapewa kazi nyingine. Kwa mwanamuziki wa Kongo, solo ni gitaa: lile la mbele, linalolia juu wakati wa sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezea, likisindikizwa na gitaa la kati, mi-solo, na lile la kusindikiza, akompa. Mwambie mzee wa Katuba kwamba fulani anafanya solo, ataelewa kuwa anapiga gitaa hilo. Kwa mpenzi wa roki, solo ni albamu ambayo mwanabendi ameitoa nje ya bendi yake, kwa jina lake. Na kwa msikilizaji wa kawaida ni kazi ambayo mtu ameifanya peke yake, bila mkono wa mwingine. Maana hiyo ya tatu ndiyo inayopotosha watu wengi, kwa kuwa albamu za namna hiyo ni chache mno, na baadhi ya zile chache wala hazina jina la mtu.

Mfano mzuri ni bendi ya roki ya Marekani, Foo Fighters. Oktoba 1994, miezi michache baada ya bendi ya Nirvana kufikia mwisho wake, mpiga ngoma wake Dave Grohl aliingia studio ya Robert Lang, pembeni mwa Seattle, na kwa muda wa kama wiki moja akapiga karibu kila kitu mwenyewe: ngoma, besi, magitaa, sauti. Aliyemsaidia kupiga ni mtu mmoja tu, Greg Dulli wa bendi ya Afghan Whigs, aliyeweka gitaa kwenye wimbo mmoja. Kazi ilipotoka mwaka 1995 iliitwa Foo Fighters, kana kwamba kuna kikosi kizima nyuma yake. Kevin Parker wa Australia naye amekwenda njia hiyo kwa miaka: Tame Impala unayoiona jukwaani ni watu kadhaa, lakini Tame Impala ya studio ni yeye.

Sasa geuza upande. Pavement ilipokoma mwaka 1999, mwimbaji wake Stephen Malkmus alikusanya wenzake wapya waliojiita the Jicks, wakapiga pamoja albamu iliyotoka mwaka 2001. Kavani likakaa jina lake peke yake. Ni albamu iliyofuata, ya mwaka 2003, ndiyo iliyoandikwa Stephen Malkmus na the Jicks. Mtu mmoja aliitwa bendi, na bendi ikaitwa mtu mmoja.

Basi jina la kavani halihesabu watu. Linajibu swali tofauti kabisa: ni nani mwenye neno la mwisho.

Hili nililielewa kwa vidole kabla sijalielewa kwa akili. Wimbo wa tatu kati ya zile tisa ni wa polepole, na mimi nilikuwa nimeutengenezea besi inayotembea: inapanda ngazi nne, inashuka mbili, inazunguka kabla ya kiitikio. Niliipenda. Kwenye bendi yetu tuna sheria ambayo hatukuwahi kuiandika: kila mmoja anaweza kukataa, na kitu kilichokataliwa na mmoja hakiingii. Kwa hiyo kwenye bendi, mtu akitaka kuiondoa besi yangu, inabidi anishawishi. Mle studio mambo yalikuwa mengine. Mwimbaji alisikiliza mara mbili, macho amefumba, mkono mmoja juu ya meza ya fundi. Halafu akasema: "Piga noti moja tu. Ile ya chini. Usitembee." Nikapiga noti moja kwa dakika nne. Sikubishana, kwa sababu sikuwa na haki ya kukataa, na ajabu ni kwamba kukosa haki hiyo kulinipumzisha.

Tuliposikiliza matokeo, wimbo ulikuwa na uwazi ambao bendi yetu haijawahi kuufikia katika miaka yake yote. Bendi ya watu watano walio sawa huogopa nafasi iliyo wazi. Kila mmoja akiona pengo hulijaza, kwa nia njema, hadi wimbo unajaa kama taksi-basi ya saa kumi na mbili jioni. Wanamuziki wale wale, ala zile zile, chumba kile kile: kilichobadilika ni mwenye kuamua. Ukisikiliza albamu ya solo iliyopigwa na bendi nzima ukajiuliza kwa nini haifanani na bendi, jibu mara nyingi liko hapo.

Thom Yorke wa Radiohead alipotangaza albamu yake ya The Eraser mwaka 2006, alisema wazi kwamba hapendi neno solo litumike kuhusu kazi hiyo. Namwelewa. Prodyuza alikuwa Nigel Godrich, yule yule wa Radiohead, na mapigo ya piano yanayoubeba wimbo wenye jina la albamu yalitoka kwa Jonny Greenwood, mwenzake wa bendi. Yorke aliyakata na kuyapanga upya. Nyenzo za bendi zilikuwemo, lakini maamuzi yalikuwa yake, na bendi iliendelea kuishi.

Kuna wanaouliza: kwa nini asiziingize nyimbo zake kwenye albamu ya bendi yakaisha? Kwa sababu bendi ni mlango mwembamba. Wakiwa watunzi watatu na albamu ina nafasi kumi na mbili, kuna nyimbo zitakazobaki nje mwaka hadi mwaka. George Harrison ndiye mfano ulio wazi kuliko yote. Ndani ya Beatles alipata nafasi chache, nyimbo zikamrundikia, na bendi ilipoisha mwaka 1970 alitoa All Things Must Pass, albamu ya sahani tatu. Wimbo wenye jina hilo Beatles walikuwa wameujaribu pamoja mazoezini Januari 1969, wakauacha. Na kwenye albamu hiyo ya solo ni nani alikuwa miongoni mwa wapiga ngoma? Ringo Starr. Miaka mitatu baadaye Ringo naye akatoa albamu yake, na wenzake wote watatu wa zamani wakaonekana humo, ingawa si wote kwenye wimbo mmoja. Bendi ilikuwa imeshindwa kukaa chumba kimoja kama bendi, lakini mmoja alipoomba msaada kwa jina lake, walikuja.

Na kwa nini basi asiwachukue wapigaji wengine, wageni, akawalipa, mambo yakawa safi? Hapa Lubumbashi jibu la kwanza ni la kawaida kabisa: wako wapi? Wapiga batri wa rumba na wa kanisani tunao wengi na wazuri. Wa roki, anayejua kupiga kwa nguvu bila kukimbia, nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mmoja wao ni wetu. Jibu la pili ni saa. Studio hulipwa kwa saa, na umeme una ratiba yake. Mpiga batri aliyekaa na mwimbaji miaka sita anajua mahali atakapovuta pumzi na mstari atakaouchelewesha, hata kabla mwimbaji mwenyewe hajajua. Ujuzi huo haununuliwi. Kuufundisha kwa mgeni kungekula siku tatu za studio ambazo hakuna mwenye fedha ya kuzilipia.

Kim Deal wa Marekani anaonyesha hili kwa utulivu ninaoupenda sana. Bendi yake ni the Breeders. Baada ya kuondoka bendi ya Pixies mwaka 2013 alianza kutoa nyimbo moja moja kwa jina lake, na Novemba 2024 ikaja albamu yake ya kwanza ya solo, Nobody Loves You More. Humo yumo Kelley, pacha wake na mwenzake wa Breeders. Yumo Jim Macpherson wa ngoma na Mando Lopez wa besi, nao wa Breeders. Sehemu kubwa ilirekodiwa na Steve Albini, aliyefariki Mei mwaka huo huo kabla haijatoka. Ukiorodhesha majina hayo bila kutaja kichwa cha albamu, mtu atakwambia hiyo ni Breeders. Lakini ina vinanda vya nyuzi na tarumbeta, na nyimbo alizozibeba miaka mingi. Ni moyo wake, umepigwa na watu wanaoujua.

Hatuna hata haja ya kwenda mbali hivyo. Toka hapa mjini, fuata barabara ya Kasumbalesa, vuka mpaka, na kabla ya jioni uko kwenye miji ya shaba ya Zambia, kulikozaliwa roki yao ya miaka ya 1970, ile inayoitwa Zamrock. WITCH, bendi ya Jagari Chanda, ilitokea Kitwe. Katika kizazi hicho kulikuwa na Ngozi Family, bendi ya mpiga gitaa Paul Ngozi, na mpiga ngoma wake aliitwa Chrissy Zebby Tembo. Katikati ya miaka hiyo Tembo alitoa albamu iitwayo My Ancestors. Mpiga ngoma alitangulia kavani, na waliompigia ni Ngozi Family, gitaa la Paul Ngozi likinguruma lile lile. Jinsi majina yalivyopangwa ndiyo inanivutia: Chrissy Zebby Tembo, kisha "na", kisha Ngozi Family. Shikilia hilo neno "na". Tutalirudia tukifika kwenye fedha.

Nchini kwetu historia ni chungu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Verckys Kiamuangana Mateta alikuwa mpiga saksafoni mpendwa wa OK Jazz, bendi ya Franco. Franco akiwa safarini Ulaya, Verckys alirekodi nyimbo zake akiwatumia wanamuziki wa OK Jazz, bila kiongozi kujua. Ukiliangalia vizuri, ni jambo lile lile alilolifanya Kim Deal: nyimbo za mwanabendi, zimepigwa na wanabendi wenzake. Tofauti ni kwamba lilifanywa gizani. Lilizua ugomvi, na mwaka 1969 Verckys alikuwa na bendi yake, Orchestre Vévé.

Miaka ishirini na nane baadaye ikawa zamu ya bendi ya Wenge Musica ya Kinshasa. Mwaka 1997 JB Mpiana alitoa Feux de l'amour, albamu yake ya solo iliyobeba pia jina na wanamuziki wa Wenge. Ilipendwa sana. Lakini ndani ya kundi ilizidisha swali lililokuwa tayari linachemka, la nani ni kiongozi wa nani, na kabla mwaka haujaisha Wenge ikapasuka: Mpiana upande mmoja na Wenge Musica BCBG, Werrason upande wa pili na Wenge Musica Maison Mère. Mashabiki walisubiri hadi mwaka 2022 kuwaona tena pamoja jukwaani Kinshasa. Hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba albamu moja ilivunja bendi. Nadhani hata hivyo kwamba albamu ya solo iliyovaa jina la bendi iliwalazimisha wote kujibu kwa sauti jambo walilokuwa wamezoea kulinyamazia.

Hapa pana tofauti ambayo wasomaji wa roki wa ng'ambo hawaioni upesi. Bendi nyingi za Kongo hazikujengwa kama chama cha watu walio sawa. Zina mwenyewe, anayeitwa rais au patroni, mwenye ala, mwenye jina, na wengine ni wa kulipwa. Baba Gaston alitoka Lubumbashi na bendi yake, akapitia Tanzania, akafika Nairobi, na bendi yenyewe iliitwa Baba National. Mwaka 1976 kundi la wanamuziki wake lilipojiondoa halikuwa na la kugawana naye, likaanza upya kwa jina la Les Mangelepa. Katika mfumo huo kila albamu ni ya solo kwa namna fulani, na mwanabendi anayetaka ya kwake huonekana anampindua baba. Fally Ipupa alipotoka na Droit chemin mwaka 2006 baada ya miaka yake Quartier Latin ya Koffi Olomide, watu waliisoma kama kuhama nyumba. Bendi kama yetu, ya watano waliochangishana kununua spika, haina baba wa kupinduliwa. Ina ndugu, na ndugu huogopa kuulizana habari za fedha.

Basi tuziulize.

Wimbo uliorekodiwa si kitu kimoja mbele ya sheria. Kwanza kuna utunzi: melodi na maneno, ambavyo ungeweza kuviimba ukifua nguo bila ala yoyote. Kisha kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa, inayoitwa masta. Halafu kuna kazi ya kila aliyeimba au kupiga ndani ya rekodi hiyo. Sheria ya Kongo, namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, ni ya enzi za Zaire na za kanda, lakini tayari inamtenganisha mtunzi na mtumbuizaji na yule aliyegharimia kurekodi; hao wawili wa mwisho wana hakishiriki, yaani haki zinazokaa pembeni ya ile ya mtunzi, ambazo makaratasi yetu huziita droits voisins. Anayepaswa kukusanya malipo ya haki hizo ni shirika la SOCODA, lililochukua nafasi ya lile la zamani, SONECA, tangu mwaka 2011.

Kwenye albamu ya mwimbaji wetu, utunzi ulionekana rahisi: nyimbo ni zake, alikuja nazo zimekamilika. Nane ni hivyo kweli. Noti yangu moja ya chini hainifanyi mtunzi, wala sidai. Lakini wimbo wa nne unaanza kwa mlio wa gitaa ambao mpigaji wetu aliubuni pale pale studio, na sasa kila aliyeusikia wimbo huo anatoka akiuimba mlio, wala si maneno. Je, huo ni upigaji au ni utunzi? Swali hili limefika mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Mwaka 1967 Procol Harum walitoa A Whiter Shade of Pale, na mtu akiukumbuka wimbo huo hukumbuka kinanda chake. Aliyekipiga, Matthew Fisher, hakuandikwa kama mtunzi. Alishtaki karibu miaka 40 baadaye. Desemba 2006 jaji akampa asilimia 40 ya haki za muziki wake, kesi ikapanda ngazi, na mwaka 2009 majaji wa mahakama hiyo ya juu kabisa wakathibitisha kwamba ana fungu lake. Miaka 40 ni umri wa mtu mzima. Sisi tulilimaliza kwa mazungumzo ya saa moja: mpiga gitaa ameandikwa mtunzi mwenza wa wimbo huo mmoja, kwa robo.

Masta ni ya aliyelipa, na aliyelipa ni mwimbaji, kwa akiba yake ya mshahara wa ualimu. Hapo hatukubishana.

Kinachouma ni jina. Wengi hudhani jina la kavani ni heshima tu. Si heshima tu, ni hesabu, na mfano ulio wazi zaidi ninaoujua unatoka Marekani, kwa shirika la SoundExchange linalokusanya malipo ya redio za mtandaoni na za setilaiti. Mgawanyo wake unajulikana: asilimia 50 kwa mwenye masta, asilimia 45 kwa msanii anayetajwa, asilimia 5 kwa mfuko wa wale wasiotajwa, nusu yake wapiga ala na nusu waitikiaji. Tufanye rekodi moja imeingiza dola 1,000. Ikiwa kavani limeandikwa jina la bendi ya watu watano, zile dola 450 za msanii zinagawanywa kwa watano: dola 90 kila mmoja. Ikiwa limeandikwa jina la mwimbaji peke yake, 450 zote ni zake, na wapiga ala wanne wanaangalia upande wa dola 25. Hata tukikadiria kwamba zote zitawafikia wao wanne bila makato, ni dola 6 na senti 25 kwa kichwa. Vidole vile vile, jasho lile lile. Ndiyo maana nilisema ushikilie neno "na": Fulani na Bendi Fulani si sawa na Fulani peke yake, na tofauti yake inaweza kuhesabiwa kwa noti.

Kwenye programu za kusikilizia muziki napo jina lina kazi. Albamu iliyosajiliwa kwa jina la mwimbaji inakaa kwenye ukurasa wake. Anayeifuata bendi hapati taarifa, isipokuwa bendi nayo imeandikishwa kama msanii mkuu. Na kama bendi ina mkataba na kampuni, ruhusa huombwa kabla. George Harrison alipopiga kwenye wimbo wa bendi ya Cream uliotoka mwaka 1969, mikataba ilimfanya aandikwe L'Angelo Misterioso badala ya jina lake.

Sidai kwamba haki ni kugawana sawa kila mara. Mwimbaji wetu amebeba gharama, amebeba nyimbo, na zikianguka ataanguka nazo yeye. Magazeti hayatamuuliza mpiga besi. Kuna njia mbili za kumlipa mwenzako katika hali hiyo. Moja ni kitita: unampa fedha yake siku ya kurekodi, deni limeisha, albamu ivume isivume. Nyingine ni asilimia: hapati kitu leo, anakuwa na fungu kesho. Kitita kinamfaa mgeni. Kwa wanabendi naona asilimia inafaa zaidi, maana kitita humfanya ndugu kuwa kibarua kwa siku moja, na siku hiyo husahaulika kwa shida. Tumekubaliana asilimia kumi kwa kila mmoja wetu wanne katika mapato ya rekodi, baada ya gharama za studio kurudi kwa mwimbaji. Hayo maneno "baada ya gharama kurudi" ndiyo hugombanisha watu, kwa hiyo kuna daftari la risiti, la kava jekundu, na linakaa kwa mpiga kinanda. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuandika karatasi yenyewe kulikuwa kugumu kuliko kurekodi. Miaka mingi nyuma nilipiga besi kwenye albamu ya rafiki mwingine, bila neno lolote la maandishi, na kanda ilipotoka jina langu halikuwemo hata kwa herufi ndogo. Hakunidhulumu kwa makusudi. Alisahau, na mimi nikaona haya kumkumbusha, na ile haya ikakua hadi tukaacha kusalimiana. Nilipowasimulia wenzangu hilo, tukiwa tumezunguka sahani ya bukari na kapenta kwa mama wa pembeni ya studio, mwimbaji ndiye aliyesimama kwenda kununua karatasi. Tumeandika wimbo kwa wimbo: nani ametunga, nani amepiga nini, nani ana fungu gani, na jina la kila mmoja litakaa wapi. Kavani ni jina lake. Ndani, juu kabisa kabla ya shukrani, ni jina la bendi na majina yetu manne.

Wimbo wa tisa tuliurekodi Jumamosi iliyopita. Aliutaka gitaa na sauti tu, lakini akatuomba tuje wote, tukae naye chumbani badala ya kwa fundi nyuma ya kioo. Tulikaa sakafuni, migongo ukutani. Kabla ya ubeti wa mwisho mpiga batri alikohoa, kikohozi kifupi cha baridi. Fundi akasimamisha, akasema warudie. Mwimbaji akasikiliza pale palipokatika, akasema fundi aiache hivyo, yeye aendelee kutoka hapo. Kwenye karatasi, mbele ya namba tisa, kuna jina moja.